Saruji Niliyoificha Valsorbina

Ukuta wangu wa kwanza katika karakana ya mawe ya Madale niliumaliza saa sita mchana. Nikarudi nyuma hatua kumi ili niusifie vizuri. Saa saba Bruda Tarcisio akaja, akautazama, akauwekea kisigino, akausukuma. Ukalala chini kama mlevi wa sikukuu.

“Desderi,” akasema kwa Kiswahili chake cha misheni za bara, kilichonyooka kuliko changu, “umejenga picha ya ukuta. Kula kwanza, halafu ujenge ukuta.”

Nilitaka kuacha kazi palepale. Nilikuwa nimetoka Temeke na cheti cha masomo ya jioni, kidato cha nne nilichokisotea miaka minne nikiwa na vumbi la zege kwenye nyusi, nikisinzia kwenye hesabu na kuamka kwenye jiografia. Darasa zima ni mie peke yangu niliyeweza kuitaja mito ya Ulaya bila kupumua. Cheti kile nilikuwa nakitembeza mjini kama bendera. Halafu mzee wa Kiitaliano mwenye kandambili, kimo chake hakifiki begani kwangu, ananiambia nimejenga picha.

Nilikula, nikajenga tena. Akasukuma tena. Wiki ya kwanza nilijenga ukuta mmoja mara mia tano. Salumu, aliyeanza kazi siku moja na mie, atawaambia ni mara sita, lakini Salumu hakuwa na mikono yangu.

Nyie vijana mliobaki karakanani mmeniomba niwaachie maandishi ya kazi. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili, kama panya wamebakiza kitu. Mie nitaandika juu ya Bruda, juu ya ukuta mkavu, na juu ya kijiji kimoja cha milimani huko Italia ambacho nilikijua kabla sijakiona, na ambacho nilikiharibu nilipokiona.

Vifaa vya Bruda vilikuwa nyundo ya kilo mbili, tindo tatu, kamba na timazi. Pima maji alikuwa nayo, lakini ilikaa sandukuni kama nguo ya harusi. Kazi yake alifundishwa na baba yake kule kwao: ukuta wa mawe matupu, bila saruji. Kila jiwe linakaa juu ya mawili. Kila baada ya hatua moja unaingiza jiwe refu linalopita toka uso wa ukuta hadi mgongoni, lifunge pande zote mbili. Nyuma unajaza vijiwe vidogo kwa mkono, usimwage kwa karai. Ukishika jiwe, utafute mahali pake. Hairuhusiwi kulirudisha chini ukachukua jingine. Hiyo sheria ya mwisho ilinitoa jasho kuliko jua la Februari.

“Kwa nini hatuweki saruji, Bruda?” Salumu alimuuliza siku ya tatu.

“Kwa sababu mlima una maji, Salumu. Ukimzibia njia, atakusukuma. Hana haraka, lakini atakusukuma.”

Maji kwake alikuwa ‘yeye’. Na alikuwa na desturi yake: ukuta ukiisha, anakwenda nyuma yake, katikati, anamwaga ndoo moja. Kisha anazunguka mbele, anachuchumaa, anasubiri. Maji yakitokeza kati ya mawe, anajifuta mikono, kazi imepita. Yasipotokeza, tunabomoa. Sikuwahi kumwona akiruka ndoo hiyo, hata mvua ikiwa inanyesha na sote tumeloa hadi soksi.

Sasa, Dar mnaijua. Hapa ukuta usio na saruji si ukuta, ni ushahidi. Mwalimu mmoja wa sekondari alitupa kazi ya kuzuia udongo kwenye kiwanja chake cha mteremkoni, hapo hapo Madale. Tulijenga wiki mbili, ukuta mzuri kama mkate. Siku ya kukabidhi akaja na majirani.

“Fundi, saruji yangu iko wapi?”

“Iko stoo, mama. Hatujaitumia.”

“Hamjaitumia? Ukuta gani huo hauna saruji? Mnanionaje nyie, kwa kuwa mie ni mwanamke peke yangu?”

Jirani mmoja akaingiza kidole kati ya mawe, akakitoa kisafi, akawaonyesha wenzake kama daktari anayeonyesha kipimo. “Ameila,” akasema. “Fundi ameila saruji.”

Mifuko tulimwonyesha, yote, bado imefungwa. Haikusaidia. Kuanzia siku hiyo kwenye kile kilima niliitwa Mla Saruji. Nikipita dukani naulizwa kama nimeshiba. Nilikuwa nacheka nao, nawajibu kwamba leo nimeila na chachandu. Lakini iliniingia. Mtu niliyesoma, nina cheti, natajwa kwa wizi wa kitu ambacho sikukigusa. Ukuta ule umesimama hadi leo, masika zote zimeupita, na yule mwalimu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunisalimia tena.

Lakini niwape Valsorbina, maana bila hiyo hamtaelewa.

Kwenye ukuta wa karakana, juu ya birika, kilining'inia kwa uzi kijitabu cha kurasa arobaini. Kilichapwa na manispaa ya kwao Bruda na kilieleza historia na vivutio vyake. Kila baada ya miaka kadhaa walitoa kipya, wakamtumia kwa posta. Saa ya chai Bruda alikifungua popote, akatusomea kwa Kiswahili. Miaka kumi na nane ya chai. Nilijua kuwa Valsorbina ilianzishwa na wachunga kondoo na wachoma mkaa. Nilijua njia ya nyumbu iliyopandisha chumvi toka baharini, na mahali ambapo daraja lililipuliwa wakati wa vita likajengwa tena kwa mawe yaleyale. Nilijua mti wao wa kastanyo, unaozaa kokwa tamu za kahawia. Walizikausha kwa moshi kwenye vibanda vya ghorofa moja, moto chini na kokwa juu, kisha wakasaga unga wa ugali wao. Nilijua kwamba wanaume wa pale walikuwa waashi watupu. Kila theluji ikiyeyuka walishuka kwenda kujenga Ufaransa na Uswisi, na kila mara waliorudi walikuwa pungufu ya walioondoka.

Kivutio cha kwanza kwenye kijitabu, ukurasa wenye picha kubwa, kilikuwa Chemchemi ya Midomo Mitatu. Maji ya mlimani yanatokea kwenye midomo mitatu ya jiwe, yanaingia kwenye hodhi ndefu ya jiwe moja lililochongwa, ambamo wanawake walifulia kwa karne na karne. Mama yake Bruda alifulia hapo. Juu ya chemchemi kuna ukuta mkavu unaozuia mlima usiishukie. Ukuta huo alikuwa ameujenga babu yake Bruda.

“Manispaa,” mie nilikuwa nikijiambia. Akilini nilikuwa naiona Kinondoni yenye theluji, na maofisa, na foleni ya vibali.

Bruda alipozeeka walimrudisha kwao apumzike. Tukamsindikiza uwanja wa ndege karakana nzima. Nililia mpaka askari akaniuliza kama nimeibiwa. Miaka michache baadaye ikaja barua yake. Ukuta wa juu ya chemchemi umevimba tumbo, unakaribia kushuka. Pale kijijini hakuna tena mtu wa kuujenga. Mwashi wa mwisho alikuwa yeye, na magoti yake yamekataa. Ameiambia manispaa kwamba wanafunzi wa kazi ya baba yake wako Dar es Salaam. Manispaa imekubali kutuita, Salumu na mie, kwa wiki tano.

Hebu fikirini. Waitaliano wanaagiza waashi Madale.

Tulifika mwezi wa tisa. Manispaa yenyewe ilikuwa na watu pungufu ya waliojaa kwenye send-off ya binti yangu. Meya alikuja kutupokea akiendesha trekta, ana ufunguo wa ofisi mfukoni na msumeno mgongoni. Ofisini alikuwa na mfanyakazi mmoja, Bi Ornella, aliyekuwa karani, mpokea simu, mtunza kumbukumbu za vizazi na vifo, na yeye ndiye aliyekuwa anakiandika kile kijitabu. Vifo vilikuwa na daftari nene. La vizazi lilikuwa na vumbi.

Bruda akatuzungusha kwa fimbo yake. Nami nikawa namtangulia kumwambia kilichopo kwenye kona inayofuata: hapa tanuri la mkate la kijiji kizima, lililokuwa likiwashwa Jumamosi na kila nyumba ikawa na alama yake ya kuchora kwenye unga ili mikate isichanganyike. Pale kanisani, ukuta wa nje, mtakatifu Kristofa aliyechorwa mrefu kama nguzo ya umeme, kwa sababu waliamini anayemwona asubuhi hafi ghafla siku hiyo. Bi Ornella, aliyekuwa akitufuata, alisimama akauliza kitu. Bruda akacheka.

“Anauliza uliwahi kuishi hapa.”

“Mwambie miaka kumi na nane,” nikasema. “Saa ya chai.”

Vibanda vya kukaushia kastanyo vilikuwa vimeezuliwa na theluji, vingi vyao. Milango kumi ilikuwa imefungwa kwa waya kwa kila mmoja uliokuwa wazi. Lakini ile chemchemi, jamani. Maji yalikuwa yanatoka usiku na mchana bila mtu wa kuyatumia, na wazee wanne walikaa ukingoni mwa hodhi kila jioni kana kwamba wanayalinda yasiende.

Tulibomoa ukuta wa babu jiwe kwa jiwe, tukayapanga kwenye majani kwa namba za chaki. Wiki ya pili Bruda akashikwa na mguu, akalazwa nyumbani. Tukabaki wawili, pamoja na wale wazee wanne, na meya akipita na trekta.

Na hapo mie ndipo nilipoanza kuwaona majirani wa Madale. Wazee wale walikuwa wanatazama tu, wanaongea kilugha chao, wananyoosha vidole kwenye matundu kati ya mawe. Mmoja aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama. Leo najua alikuwa anaangalia kama tumejaza vizuri mgongoni, kwa sababu baba yake naye alikuwa mwashi. Siku ile nilisikia neno moja tu kichwani, nililifahamu vizuri. Ameila.

Kwenye kibanda cha meya kulikuwa na mifuko ya saruji.

“Salumu,” nikasema, “mgongoni huku tupige saruji. Uso tuuache mkavu.”

“Bruda kasema mkavu wote, braza.”

“Bruda alisema hivyo kwa ukuta wa futi tano. Huu ni wa futi kumi, juu ya kivutio cha taifa. Ukianguka watasema Waafrika hawajui kazi.”

“Na maji?”

“Maji tutamwachia njia.”

“Wapi?”

Nikaenda kuubeba mfuko wa kwanza. Salumu akaweka nyundo chini, akaenda kukaa na wale wazee. Siku nne hakunisemesha, na chakula alikula amenipa mgongo. Saruji nilichanganya mwenyewe, asubuhi mapema kabla wazee hawajatoka, nikaipiga mgongo wote wa ukuta, unene wa kiganja, toka chini hadi juu. Nilifanya kazi safi. Katika maisha yangu sijawahi kupiga saruji safi kama ile. Na katikati, pale ambapo nilijua Bruda atasimama na ndoo yake, niliacha sehemu moja tu bila saruji, upana wa ndoo.

Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kulifanyia mzaha hadi leo. Saruji ningeweza kusema ni ujinga. Lile tundu lilikuwa ni akili.

Siku ya kumaliza Bruda alikuja akishikiliwa na meya. Akataka ndoo. Akapanda nyuma kwa shida, katikati, akamwaga. Akashuka, lakini kuchuchumaa hakuweza, akaegemea fimbo akasubiri. Maji yakatokeza kati ya mawe, yakateremka hadi kwenye hodhi. Wale wazee wakapiga makofi. Bruda akaweka kiganja kwenye ukuta.

“Njia ya maji ipo pote, Desderi?”

“Ipo, Bruda.”

“Basi baba angekupa kazi.”

Tukarudi nyumbani. Nilitamba na safari ile kuanzia Kibamba hadi Kigamboni. Mlima niliuongezea urefu kila niliposimulia, mpaka ukaupita Kilimanjaro. Salumu alikuwa anasikiliza, halafu anaondoka kwenda kuwasha birika.

Ukuta ulikaa baridi moja. Ya pili haukuvuka. Huku kwetu maji yakikwama nyuma ya ukuta yanasukuma, basi. Kule yanaganda, na yakiganda yanavimba, na kinachovimba gizani nyuma ya ukuta hakuna saruji ya kukizuia. Jiografia yangu yote ya masomo ya jioni, mito yote ile, na sikukumbuka kwamba maji yakiwa barafu yanapanuka. Ukuta ukashuka wote kwa kipande kimoja, kama mlango, juu ya chemchemi. Midomo yote mitatu ikavunjika. Hodhi ikapasuka vipande viwili. Bahati ilikuwa asubuhi ya baridi kali, wazee walikuwa ndani.

Bruda alinipigia simu mwenyewe.

“Desderi, mwanangu, ukuta umeanguka.”

“Pole, Bruda. Imekuwaje?”

“Baridi ilikuwa mbaya.” Nilimsikia anapumua. Kipande kizima cha saruji kilikuwa kimelala juu ya chemchemi ya mama yake, mtu yeyote mwenye macho angekiona. “Hujambo wewe? Watoto?”

“Hatujambo, Bruda.”

“Salumu?”

“Yupo. Mzima.”

“Msalimie.”

Alinipa nafasi mara nne kwenye simu moja, nimezihesabu. Nami nikasema hatujambo. Baada ya hapo aliniandikia kila Krismasi, habari za theluji na magoti yake, hadi barua zikakoma na karakana ikapata taarifa ya msiba. Tuliomba misa. Mie ndiye niliyesimama kumwelezea, na niliongea vizuri mno.

Nilipostaafu mwaka huu kikafika kifurushi kutoka kwa Bi Ornella. Bruda alikuwa ameacha maagizo kwamba kila kijitabu kipya kikitoka nitumiwe nakala. Nikaenda nacho kwa Sista Imakulata wa parokiani, aliyesoma Roma, anisomee. Tulianza na wachunga kondoo, tukapita njia ya chumvi, ninatabasamu kama mjinga. Akafika kwenye chemchemi. Picha ilikuwa ileile ya zamani.

“Soma, Sista.”

“Inasema hivi. Chemchemi iliharibiwa kwa kuanguka kwa ukuta uliokuwa juu yake. Ukuta huo ulikuwa umejengwa upya chini ya usimamizi wa Bruda Tarcisio, ambaye mwenyewe alilieleza baraza la manispaa kwamba aliagiza itumike saruji, kinyume cha desturi ya waashi wa Valsorbina.” Akainua macho. “Huyu si yule Bruda wenu?”

“Ndiye.”

“Pole. Wazee wakati mwingine wanachanganyikiwa.”

Nikamwambia hakuchanganyikiwa. Nikamwambia yote, pale kwenye benchi, wakinamama wa kwaya wakipita na kunisalimia shikamoo babu. Sista hakunihukumu. Alisema, “Basi tuandike barua, mzee wangu. Kalamu ninayo.”

Kabla ya kuituma nilikwenda kwa Salumu, Mtoni, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Sasa unataka niseme nini, braza?”

“Ulijua siku zote. Kwa nini hukumwambia?”

“Nilimwambia.”

Nikaikunja barua.

“Siku ileile tuliyoondoka kule. Wewe ulikuwa unaaga wazee, unapigwa picha. Nilimwambia, Bruda, mgongoni kuna saruji. Akaniuliza kama wewe unajua kwamba nimemwambia. Nikasema hapana. Akasema basi tuache hivyo, Desderi atanipigia simu mwenyewe.”

Mtu alikaa chini ya ule ukuta baridi mbili, akijua, akisubiri simu yangu. Angeweza kumwita meya waubomoe siku ya pili. Alitaka nianze mie.

Barua ilikwenda. Niliomba jambo moja: kijitabu kijacho kitaje jina langu mahali pa jina lake. Majibu ya Bi Ornella yamekuja wiki iliyopita, kurasa mbili, na Sista amenisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikukubali. Anashukuru. Anasema alihisi, kwa sababu Bruda alipotoa maelezo yake barazani hakumtazama mtu. Lakini hakutakuwa na kijitabu kijacho. Waliobaki ni wachache mno, manispaa imeunganishwa na ya mji wa bondeni, na ofisi yake inafungwa. Kilichoandikwa ndicho kitakachobaki. Mawe ya ukuta bado yamelala pale yalipoangukia. Maji yamejitafutia njia nyingine, yanatokea chini kidogo, kwenye majani.

Mie kule sina mahali pa kusahihisha. Nina karatasi hizi, na nina nyie. Zitundikeni karakanani, juu ya birika, na atakayekuja kujifunza kazi asomewe saa ya chai:

Valsorbina, manispaa ya milimani, Italia. Chemchemi ya Midomo Mitatu, sasa imevunjika. Ukuta wa juu yake ulijengwa na Desderi Kibiki, mwashi wa Madale, aliyeweka saruji kwa siri na kudanganya. Bruda Tarcisio aliagiza ukuta mkavu.